Karanga za Ungo wa Pembeni

Mwezi wa tano, mvua zinapokatika Lupaso, kazi ya karanga huhamia barazani. Gunia linamwagwa mkekani, wanawake na watoto wanalizunguka fungu, kubangua kunaanza. Ganda la karanga iliyokauka vizuri ni gumu. Ikifika alasiri kidole gumba kimevimba na ngozi ya chini ya ukucha inawaka. Ndiyo maana kando ya fungu hukosi kopo la maji. Maji yananyunyizwa, maganda yanalainika, kazi inakwenda. Hakuna aonaye ubaya: ni maji tu, na jua la kesho lipo. Ila karanga iliyokuwa imelala salama ndani ya ganda kavu imekwisha kupewa unyevu, na usiku huo inarudi guniani.

Kisha kuchambua. Punje kubwa, nyekundu, zenye ngozi laini zinakwenda kwenye ndoo ya kuuza. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zenye doa jeusi au unga wa kijani zinatupwa kwenye ungo wa pembeni.

"Bibi, hizi nikamwage?"

"Umwage nini, mjukuu wangu? Ziache hapo, tutazitwanga za mboga."

Uchambuzi huu unahusu ungo huo. Tumezoea kuizungumzia sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye chakula, kama habari ya vifo vya ghafla, au habari ya malori yaliyozuiwa mpakani. Yote hayo ni kweli na nitayagusa. Lakini madhara mapana zaidi hayana kelele: yanatokea kwenye utumbo wa mtoto anayekula kidogo kidogo, kila siku, kile ambacho soko limekikataa. Nikiangalia ushahidi uliokusanywa Afrika tangu miaka ya 1960, naona swali la sumukuvu kusini mwa Tanzania ni la kiafya kama lilivyo swali la nani anachambuliwa chakula na nani anaachiwa mabaki.

Lupaso taifa zima linaijua tangu Julai 2020, alipozikwa huko Rais Benjamin Mkapa. Ni kijiji cha wilaya ya Masasi, chini ya Uwanda wa Makonde. Ukipandisha mteremko unafika Newala, ambako hewa ni baridi kidogo na maji ni shida ya kudumu. Kote huku watu hula muhogo, mahindi, mtama, mbaazi, kunde, njugumawe na karanga, na huuza korosho na ufuta. Karanga ina heshima ya peke yake. Kisamvu kisichoungwa karanga ni kisamvu cha siku ya shida. Uji wa mtoto usio na karanga mama huuonea haya.

Na karanga ndiyo iliyoifundisha dunia kuhusu sumu hii. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi ukafuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ndani yake ilikutwa kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Nawaza kila mara kwamba mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ule uliofyeka mapori ya Nachingwea, Kongwa na Urambo kuanzia 1947, ulikufa 1951, miaka tisa kabla ya ugunduzi huo. Matrekta, reli na bandari ya Mtwara vilikuja kwa ajili ya karanga, na hakuna aliyejua cha kupima.

Kuvu hii hukaa udongoni. Haihitaji kualikwa. Mmea ukikabwa na ukame wakati karanga inajaza punje, udongo unapata joto, ganda linapasuka nyufa ndogo, wadudu wanatoboa, na kuvu inaingia mkulima akiwa hajagusa jembe la kuvunia. Mvua ikichelewa kukatika baada ya hapo, karanga zikang'olewa na kurundikwa zingali mbichi, kuvu inapata chakula, joto na unyevu kwa pamoja. Kwa hiyo mwaka mbaya zaidi ni ule unaoanza kwa ukame na kumalizia kwa manyunyu. Wazee wa Masasi wanaujua mwaka wa namna hiyo kwa njaa yake. Sumu ya kuvu hii haina rangi, haina ladha, wala haina harufu. Ukungu wa kijani unaouona ni kuvu yenyewe. Unaweza kuufuta kwa kitambaa na sumu ikabaki ndani ya punje.

Kuvu nyingine, Fusarium, hupenda mahindi na huingia yakiwa shambani. Sumu yake kuu, fumonisini, ilitambuliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka 1988. Ndugu yake mwingine hutoa deoksinivalenoli, sumu inayojulikana kwa kutapisha nguruwe. Mtoto anayekula uji wa mahindi na karanga hali sumu moja. Anakula mchanganyiko.

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya mahindi au karanga. Kilo moja ina mikrogramu bilioni moja, kwa hiyo tunazungumzia sehemu 10 katika bilioni. Na sumu haikai sawasawa guniani. Punje nyingi huwa safi kabisa, chache huwa zimebeba karibu mzigo wote, na punje moja iliyooza vibaya yatosha kuipandisha kilo nzima juu ya kiwango. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndani yake kuna hatari na pia kuna tiba.

Dozi ikiwa kubwa, mtu hufa upesi. Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, watu 12 kati ya 20 waliougua walifariki. Mwaka 2004 Ukambani, hasa Makueni na Kitui, waliugua 317 na wakafa 125, kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwetu ilitokea 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20, wengi wao watoto. Macho yalikuwa manjano, matumbo yamejaa maji, ini limeshindwa kazi. Misiba hii ilizindua serikali. Pia imetuharibia namna ya kufikiri, maana sasa familia ambayo haijamzika mtu hudhani chakula chake ni salama.

Tuutazame utumbo basi, kwa karibu.

Ukuta wa ndani wa utumbo mdogo umejipanga kama nyasi fupi: vijidole vingi visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimefunikwa na safu moja tu ya seli. Safu moja. Upande huu kuna chakula, vijidudu na uchafu wote tuliomeza; upande wa pili kuna damu. Seli hizo zimeshonwa pamoja ubavu kwa ubavu na protini maalumu, na mshono ukiwa mzima hupita kile tu kinachopaswa kupita. Seli zenyewe hazidumu. Baada ya siku chache hubanduka na mpya hupanda kutoka chini, kama makuti yanayobadilishwa kila wiki kwenye paa lisilopumzika kunyeshewa. Kazi hiyo ya kujenga upya inahitaji protini nyingi, kila siku, bila likizo.

Hapo ndipo sumukuvu inapopiga. Deoksinivalenoli hushika ribosomu, mitambo midogo inayotengeneza protini ndani ya seli, na kuizuia. Seli zinazogawanyika haraka ndizo huumia kwanza, na hakuna mahali seli hugawanyika kwa kasi kama utumboni na kwenye kinga ya mwili. Mishono inalegea. Fumonisini ina njia yake: huzuia kimeng'enya kinachounda mafuta fulani ya kwenye ngozi ya seli, ngozi inakosa mpangilio wake, na ukuta unavuja. Aflatoksini nayo hufyonzwa upesi na kupelekwa kwenye ini. Ini, likijaribu kuivunja, huigeuza kuwa kitu chenye ukali zaidi, kinachong'ang'ania vinasaba na protini. Seli ikibahatika, sumu hiyo hufungwa na kutolewa na mkojo. Ikikosa bahati, kovu linabaki kwenye vinasaba, na baada ya miaka mingi kovu hilo laweza kuwa saratani. Aliyekwisha kupata kirusi cha homa ya ini B na akala aflatoksini, hatari yake ni kubwa mno kuliko ya mwenye mzigo mmoja tu kati ya hiyo miwili. Uganda iliyachunguza hayo mapema: vyakula 480 vilivyokusanywa 1966 na 1967 vilipimwa, karibu asilimia 30 vikakutwa na aflatoksini, na sehemu zenye sumu nyingi zikawa ndizo zenye saratani nyingi ya ini.

Lakini saratani ni ya mtu mzima. Mtoto ana shida ya karibu zaidi. Ukuta ukivuja, vipande vya vijidudu hupenya, na askari wa kinga waliojipanga nyuma ya ukuta huamka. Sehemu kubwa ya askari wa mwili mzima wako hapo, utumboni. Wanapigana kila siku vita visivyokwisha, na vita hula chakula: lishe iliyokusudiwa mifupa na ubongo inakwenda kulipa askari. Vijidole vinafupika, eneo la kufyonza linapungua. Mtoto anakula, tena anakula vizuri, na hanenepi. Mama anaulizwa kliniki, "Unampa nini huyu?" naye anajibu ukweli, "Uji wa lishe, dada. Kutwa mara tatu."

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba askari hao hao wanaohitajika ndio wanaodhoofishwa. Tumelijua kwanza kwa ndege. Kuku na bata mzinga waliolishwa aflatoksini katika majaribio walishindwa na magonjwa ambayo wenzao waliyastahimili, na chanjo kama ya kideri haikushika vizuri mwilini mwao. Mfugaji wa Masasi anayemwaga karanga zilizooza uani, kisha akashangaa kuku waliotiwa matone ya chanjo wanakufa, anaweza kuwa ameliona jambo hili kwa macho yake bila kulijua jina.

Kwa watoto ushahidi ni mwembamba zaidi, na ni haki kuusema ulivyo. Gambia, nchi ya karanga kama sisi, watoto wapatao 470 wa miaka 6 hadi 9 walipimwa, na wengi mno, asilimia 93, walikuwa na alama ya aflatoksini kwenye damu. Mate yao yakapimwa kingamwili ya aina ya IgA, ile inayolinda njia zote zenye ute: mdomo, koo, utumbo. Wenye sumu walikuwa nayo kidogo, wastani wa 50 kwa kipimo kilichotumika, dhidi ya 70 kwa wasio na sumu. Mlinzi wa mlango amepungua karibu theluthi. Chanjo ya kichaa cha mbwa, hata hivyo, iliwashika vizuri bila kujali sumu, na kwa chanjo ya vichomi tofauti ilionekana kwenye aina moja kati ya nne. Ghana, watu wazima wenye aflatoksini nyingi kwenye damu walikutwa na upungufu wa baadhi ya chembe nyeupe zilizoamka tayari kwa vita na wa silaha zinazotumiwa na seli zinazoua virusi. Hayo hayatoshi kusema kwamba chanjo za watoto wetu hazifanyi kazi. Yeyote asemaye hivyo anawapotosha wazazi, na mtoto asiyechanjwa yuko hatarini kuliko mtoto mwenye sumukuvu. Yanatosha kusema kwamba mlango wa mwili unalindwa na walinzi wachache kuliko inavyopaswa.

Kuhusu ukuaji, Tanzania ina utafiti wake. Rombo, Kilimanjaro, watoto waliokula uji wa mahindi wenye fumonisini kupita kiwango walikuwa, wakitimiza mwaka mmoja, wafupi kwa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Rombo huko huko sampuli 143 za maziwa ya mama zilipimwa, na zote zilikuwa na aina ya aflatoksini inayopita kwenye maziwa. Zote. (Mama asiache kunyonyesha kwa ajili hiyo, uji unaochukua nafasi ya maziwa hubeba sumu zaidi.) Watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro walianza kufuatiliwa wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 14. Mwanzoni asilimia 84 walikuwa na aflatoksini kwenye damu, na baadaye, walipozoea chakula cha familia, karibu wote. Hapa fumonisini ndiyo iliyoonyesha uhusiano ulio wazi na ufupi, na aflatoksini haikuonyesha.

Kisha likaja jaribio la Meru na Tharaka Nithi nchini Kenya, ambako familia zilibadilishiwa mahindi yenye sumu kwa mahindi safi. Katikati ya jaribio udumavu ulipungua. Mwishoni tofauti ilikuwa imefifia, ingawa sumu kwenye damu ilikuwa imeshuka. Wapo waliolichukua jaribio hilo kama hukumu kwamba sumukuvu si kitu kwenye udumavu. Sikubaliani nao. Ninachokiona ni mtoto aliyebebeshwa mizigo kadhaa, ukimtua mmoja bado anainama. Majaribio makubwa ya vyoo na maji safi, Zimbabwe, Kenya na Bangladesh, nayo yalishindwa kurefusha watoto, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba kinyesi si kitu.

Mizigo yenyewe uwanda wa Makonde unayo. Kule juu hakuna mito. Maji hushuka chini mno kwenye mchanga, na vizazi vimeteremka na kupanda mteremko na ndoo kichwani. Nyumba hulazimika kuhifadhi maji kwenye mitungi na mapipa, na ndiyo maana mlipuko wa homa wa 1952 na 1953 uliwapata mbu tayari wamo majumbani. Jina la homa hiyo, chikungunya, dunia ililitoa kwenye Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa alivyopindika. Palipo na uhaba wa maji, watu hawanawi mikono inavyotakiwa, na utumbo wa mtoto huwa umeshawashwa na vijidudu kabla karanga haijafika. Sumukuvu inakuta mshono umelegea tayari. Kitaifa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa katika utafiti wa 2022, kutoka 34 mwaka 2015 na 2016. Tumepiga hatua, na kilichobaki ndicho kigumu.

Kuna anayeuliza: kwa nini basi tusile muhogo tu? Swali si la kupuuza. Sampuli za sokoni Tanzania na Kongo-Brazzaville zilionyesha muhogo mkavu una aflatoksini kidogo sana ukilinganisha na mahindi. Lakini muhogo mchungu una kisasi chake. Mwaka 1988, ukame ulipoipiga wilaya ya Masasi, watu waliokuwa na njaa waliufupisha utaratibu: muhogo mbichi ulitwangwa, ukaanikwa, ukatwangwa tena, ukaliwa. Sayanidi haikupata muda wa kutoka, watu wakaugua. Makopa yanahitaji siku, na siku za mawingu ndizo zinazoyaotesha ukungu. Mama wa Lupaso anayeanika makopa mwezi wa nne anapima kati ya sumu ya haraka na sumu ya kuchelewa, kwa macho tu, na mara nyingi anapima vizuri kuliko tunavyompa sifa. Zaidi ya hayo, muhogo hauna protini ya maana. Mtoto wa muhogo mtupu anadumaa kwa njia nyingine.

Ndiyo maana nina neno na uji wa lishe. Nia yake ni njema na nimeuona ukiwainua watoto. Lakini ushauri umekaa kwenye kuchanganya: mahindi, mtama, soya, ufuta, karanga, vyote vinakwenda mashineni pamoja na kutoka unga mmoja wa rangi ya majivu. Kila zao linakuja na kuvu yake, na ikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuchambua tena. Unga wa kilo 5 unaliwa na mtoto mmoja kwa wiki kadhaa. Kama karanga za ungo wa pembeni ziliingia humo, ameipata dozi yake kila asubuhi. Dona nalo ni hivyo: tunalisifu, kwa haki, kuwa na virutubisho kuliko sembe, lakini sumu ya mahindi hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, vile vile tunavyojivunia kutovitupa. Dona la mahindi yaliyochambuliwa ni chakula bora. Dona la mahindi ya chini ya kihenge ni afadhali sembe. Kuchemsha hakusaidii, kwani aflatoksini hustahimili joto kubwa kuliko la sufuria yoyote ya ugali, na kukaanga hupunguza sehemu tu. Ushauri wa kliniki ungeanza na kuchambua, ukafuatia kuchanganya. Sasa unaanza na kuchanganya na mara nyingi unaishia hapo.

Linganisha na korosho. Hapo ndipo ninapopata hasira kidogo.

Korosho ya Masasi na Newala inaheshimiwa. Mkulima anaianika, anaigeuza, anatoa zile changa na zenye madoa, kwa sababu anajua kinachomngoja kwenye chama cha msingi. Tangu 2007 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Inakusanywa, inapimwa unyevu, inakatwa kuangaliwa kiini, inapewa daraja, kisha inapelekwa mnadani chini ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Gunia lenye unyevu linarudishwa, mwenyewe akaanike tena. Hakuna mkulima wa kusini asiyejua kukausha punje kwa ajili ya soko. Ujuzi upo, nidhamu ipo, hata vipimo vipo. Vimeelekezwa kwenye punje inayopanda meli kwenda India na Vietnam. Karanga inayokwenda kwenye chungu cha nyumbani huuzwa kwa bakuli na kopo, na kipimo chake ni jicho la mnunuzi. Jicho hilo likichagua nzuri, mbovu haipotei hewani. Inabaki na aliyeilima. Hali ni hiyo hiyo kwa nchi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalipanga foleni Namanga na sisi tukalizungumza kama suala la biashara na ujirani. Zuio lilibadilishwa kuwa masharti ndani ya siku chache, tukashangilia. Sikusikia wengi wakiuliza mahindi yanayoshindwa masharti yanaliwa na nani.

Na tiba, kama nilivyosema, imelala ndani ya hatari yenyewe. Kwa kuwa sumu imekusanyika kwenye punje chache, kuzitoa punje hizo kwa mkono huondoa sehemu kubwa ya mzigo, tena kwa karanga kuliko nafaka yoyote, maana ubovu wake unaonekana: imesinyaa, imebadilika rangi, ngozi imepasuka. Guinea, Afrika Magharibi, vijiji 10 vilifundishwa mambo ya kawaida kabisa: kuchambua, kuanika juu ya mikeka badala ya ardhi tupu, kutumia magunia ya juti yanayopumua, kuyaweka juu ya mbao. Miezi mitano baada ya mavuno aflatoksini kwenye damu ya watu wake ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu kuliko vijiji 10 vilivyoachwa. Hakukuwa na mashine.

Kwa mahindi kuna kipimo cha chupa: chupa kavu ya kioo, punje kiasi cha robo, chumvi kavu vijiko vichache, funika, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani, punje bado zina maji, rudisha juani. Karanga hujisema yenyewe. Ikikauka, punje hulia ndani ya ganda ukiitikisa sikioni. Kwa shamba lenyewe ipo Aflasafe, iliyosajiliwa nchini 2018: mbegu za mtama zilizobebeshwa kuvu ya jamii ile ile lakini isiyotoa sumu, kilo 4 kwa eka, zinamwagwa wiki mbili au tatu kabla ya maua ili kuvu njema iishike ardhi kabla ya mbaya. Ni dawa nzuri inayofaa pale ambapo kuna bei inayoilipia. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu za karanga ambazo majina yake yanasikika kama safari ya basi la kusini, Mangaka, Masasi, Nachingwea, Mnanje, zote za 2009, na kabla yake Pendo, inayokomaa mapema na hivyo kuukwepa ukame wa mwisho. Serikali nayo, kupitia TANIPAC, mradi wake wa kuzuia sumukuvu, imejenga maghala na kutoa mafunzo. Yote yanasaidia. Lakini hakuna ghala linalolisha mtoto wa miezi tisa. Analishwa na ungo.

Kwa hiyo ningeanzia kwenye kopo la maji la barazani. Mashine ndogo ya kubangulia karanga kwa mkono, moja kwa kila chama cha msingi, ikikaa pale pale penye mizani ya korosho ambayo mwezi wa tano imekaa bure, ingeondoa sababu ya kulowesha ganda. Kipimo cha unyevu cha korosho kingeweza kuwa na mwenzake wa karanga na mahindi. Ningewaomba pia wanunuzi wa kusini wakubali kununua karanga zenye ganda, zikachambuliwe kwao, mabaki yakabaki kwao.

Ila bado kuna bibi na ungo wake. Katika debe la karanga, zile za pembeni zaweza kujaza bakuli, mwaka wa ukame zikazidi. Tunamwambia atupe. Asiwape kuku, kwa sababu kuku wataugua. Asikamue mafuta nyumbani, kwa sababu mafuta yasiyochujwa kiwandani hubeba sumu. Afukie au achome. Anasikiliza kwa adabu. Anajua, kuliko sisi tuliokwenda kumweleza, kwamba mwezi wa pili mahindi ya zamani yatakuwa yamekwisha na mapya hayajakomaa, muhogo utakuwa mchungu, na mjukuu yule yule aliyeuliza kama amwage atakuja jikoni na bakuli mkononi. Bakuli la karanga mbovu alilofukia mwezi wa tano lina bei yake, na hadi sasa bei hiyo ameachiwa ailipe peke yake.